Supu ya Mzazi na Waridi la Jangwani

Waridi langu la kwanza la jangwani nililiua kwa maji. Sikulichukia. Kila jioni nililimwagilia kopo zima, tena kwa huruma, nikilisemesha maneno ambayo mke wangu hajapata kuyasikia kutoka kwangu. Lilikuwa na shina nene lililovimba chini kama mguu wa mwenye matende, na juu vitawi vichache vyenye maua mekundu yasiyolingana kabisa na mguu ule. Baada ya muda shina likalainika. Nilipolibonyeza, kidole kilizama mpaka kwenye pingili, na harufu iliyotoka ilikuwa ya panya aliyefia darini. Nikalizika nyuma ya choo. Aliyeniuzia, muuza miche wa kando ya barabara kule Diani, aliponiona nimerudi kununua jingine hakuuliza lile la kwanza limepatwa na nini.

"Ulilimwagilia maji," akasema.

"Kidogo tu."

"Hili ukilipenda, lafa. Lichukie kidogo."

Kilichonifunza kuchukia mimea ni kisima. Nilipochoka kufundisha chuoni Nairobi nilirudi Kinondo, kwenye kiwanja alichoniachia baba, ambacho ni mwamba wa matumbawe uliopakwa udongo mwembamba kama siagi ya mtu bahili. Kisima chake kilikuwa na maji matamu nilipokuwa mtoto. Siku hizi kiangazi kikishika, chumvi huingia, na chai hunywewa kwa kukunja uso. Na juu ya mwamba huo mpangaji aliyekaa kabla yangu alikuwa amepanda nyasi za hoteli, zile laini za kukanyagwa na wageni wasiovaa viatu. Zilikunywa mchana, zikanywa usiku, na bado asubuhi zikawa na rangi ya mgonjwa wa homa ya manjano. Nikaamua kuziua, na mahali pake niweke mimea isiyoomba maji.

Niliingia na sururu na mtaimbo. Nyasi hazifi kwa heshima: unazing'oa huku nazo zimekushika vidole. Chini yake mwamba ulikuwa ukinisubiri. Kila pigo la sururu lilirudi kwenye bega langu, kipande cha jiwe kikanipasua juu ya jicho, na ukucha wa dole gumba la mguu ukawa mweusi, kisha ukaniacha. Nina shahada mbili, na hakuna hata moja iliyonifundisha mahali pa kuweka mguu sururu inaposhuka.

"Mwalimu," sauti ikatoka ng'ambo ya ua, "nyasi zimekukosea nini?"

Huyo ndiye jirani yangu. Ni mjane aliyenizidi umri kidogo, mfuga mbuzi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka Galu bila simu. Baina yetu kuna ua wa makuti makuukuu uliofungwa kwa waya, na ua huo haujapata kuzuia neno lake hata moja. Yeye hupanda kisichokosa faida: muhogo, mchicha, mrehani wa kuvaa, mlonge. Nilipokuja na miche yangu ya waridi la jangwani, nikaipanga kwenye mashimo niliyoyajaza mchanga na kokoto, alisogea mpaka kwenye waya.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mti huo waliwa?"

"Hauliwi."

"Wafukizwa?"

"Haufukizwi."

"Una kivuli?"

"Majani yake ni machache mno."

"Basi waishi hapa kwa kazi gani?"

Nikamweleza kwamba mti huu ni wa kwetu, umeota kwenye miamba ya bara ya Kinango tangu kabla ya babu zetu, na kwamba maji yake yamo ndani ya shina, kama mtu aliyebeba kisima chake kiunoni. Nikamweleza pia ambalo ilinipasa kumweleza: utomvu wake mweupe ni sumu. Wawindaji wa zamani waliuchemsha ukawa kama lami, wakaupaka mishale, na mnyama mkubwa aliyechomwa hakufika mbali kabla moyo haujasimama.

"Kwa hiyo mbuzi wasiuguse kabisa," nikamalizia, kwa sauti yangu ya darasani.

"Mbuzi wangu wana akili kuliko wenye shahada," akasema, akaenda zake.

Nilikubaliana naye, na hapo ndipo tulipokosea wote wawili. Mbuzi wa Kinango huenda anaujua mti huu na kuukwepa. Mbuzi wa Kinondo amelelewa kwa maganda ya ndizi, makombo ya hoteli na maboksi. Hajui kwamba kijani kinaweza kumuua.

Mimea ilishika. Kiangazi kilichofuata, kila kitu katika kijiji kilipokauka, mimi nilikuwa na mstari wa maua mekundu bila kumwaga hata kikombe kimoja. Nililewa sifa. Wapita njia walisimama kupiga picha, nami nikajitokeza barazani kwa bahati mbaya kila waliposimama. Nikaamua kuzidisha. Waridi la jangwani huzidishwa kwa kisu: unakata matawi, shina linavuja maziwa kama limechinjwa, na matawi yaliyokatwa hayapandwi papo hapo. Lazima uyalaze kivulini siku kadhaa, jeraha lifunge na kukauka, la sivyo yanaoza udongoni. Nilivaa glavu, nikakata bila huruma, nikatandaza gunia kwenye baraza ya nyuma, nikayapanga matawi kama samaki wa kukaushwa. Kesho yake nikaenda Ukunda kununua kokoto.

Niliporudi alasiri, barazani mbele palikuwa na sahani iliyofunikwa kawa. Chini ya kawa kulikuwa na ini la mbuzi, limechomwa, limekamuliwa ndimu, na chumvi ya kadiri. Nilikuwa na njaa. Nikatia kipande mdomoni nikiwa bado nimesimama.

"Mwalimu! Umeliona ini lako?" jirani akaita.

"Nimeliona, mama, Mungu akuzidishie. Kuna heri gani?"

"Heri gani! Yule mbuzi wangu mwekundu. Adhuhuri namwona ayumbayumba kama mlevi wa mnazi, mate yamtoka, mara goti hili, mara goti lile. Nikasema huyu atanifia kibudu. Nikamwahi! Wallahi nilimwahi roho i shingoni. Kisu kimoja tu. Halali kabisa."

Kwetu mbuzi anayekufa hakimbiliwi na dawa, hukimbiliwa na kisu. Akifa mwenyewe ni kibudu, nyama ya kutupwa, hasara tupu. Ukimwahi, ni kitoweo, na jirani hupata fungu lake. Nimekula mbuzi wengi waliowahiwa, na sijapata kuuliza hata mmoja alikuwa akiumwa nini.

Nikazunguka mpaka baraza ya nyuma, ini likiwa bado shavuni. Makuti ya ua yalikuwa yamelazwa chini, umebaki waya. Gunia lilikuwa limeburutwa mpaka uani. Matawi yalikuwa yametafunwa, mengine yamebaki vipande vyenye alama za meno, na sakafuni palikuwa na povu jeupe lililoanza kukauka.

Nilitema. Nilitema juu ya suruali, juu ya ukuta, nikajikwangua ulimi kwa kucha.

"Mama! Msile! Mbuzi amekula ule mti wangu!"

Kutoka ng'ambo: "Ati nini?"

"Sumu! Amekula sumu!"

"Nimemchinja, mwalimu. Nimetaja jina la Mungu na damu yote imetoka. Sumu huenda na damu."

"Haiendi yote! Nyama iko wapi?"

"Nyama i jikoni, haijaiva. Ni supu tu iliyokwisha. Mwanangu yuwanywa sasa hivi."

Mwanawe alikuwa mzazi. Alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa mwezi, na alikuwa ndani katika arobaini yake. Supu ya kwanza ya mbuzi yeyote anayechinjwa katika nyumba yenye mzazi ni yake, ili mwili urudi na maziwa yashuke. Nikaelewa vyote kwa pamoja: supu ya maini na figo, tumbo tupu, mtoto anyonyaye.

Niliruka ua. Nikisema niliruka, maana yake niliingia ndani ya waya, nikachanika suruali na paja, nikaangukia upande wa pili kwa bega. Jirani yangu alikuwa mlangoni mwa jikoni na upawa mkononi.

"Wapi?" akanizuia. "Ndani mna mzazi!"

"Ndiyo maana!"

"Mwanamume haingii humo! Una wazimu?"

Nilimsukuma. Sijapata kumsukuma mwanamke maishani, na huyu ni mtu ninayempa shikamoo. Aliangukia kinu, kinu kikaanguka, na mguu wangu ukanaswa na mafiga. Sufuria kubwa la nyama likapinduka, maji ya moto yakatambaa sakafuni na mvuke ukapanda. Sikusimama. Nilirarua shuka iliyotundikwa mlangoni mwa chumba, nikaingia kwenye giza na moshi wa udi.

Alikuwa ameketi kitandani, mtoto ubavuni, bakuli mdomoni. Aliniona juu ya ukingo wa bakuli. Hakuwa na wakati hata wa kujifunika. Nikapiga bakuli kwa kiganja, kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayeua nge. Lilipasuka ukutani. Supu ilimwagikia mkono wake wa kushoto kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole, na akapiga yowe ambalo nikifumba macho bado nalisikia. Mtoto akapiga lake.

Upawa wa kwanza ulinipata kisogoni. Wa pili sikioni. Jirani yangu alipiga kama anavyotwanga, kwa mpigo mmoja, bila haraka, na katikati ya mapigo alinitukana mimi, chuo kilichonisomesha na tumbo lililonizaa. Kisha akaingia mwanawe wa kiume, dereva wa tuktuk, aliyekuwa akiosha chombo chake nje. Yeye hakuuliza. Alinishika ukosi, akanitoa kizingitini, akanipiga ngumi ya mdomo mpaka jino likatikisika na kinywa kikajaa damu.

"Amekunywa kiasi gani?" nikamuuliza kupitia ile damu.

"Nini?"

"Dada yako! Supu ina sumu! Amekunywa kiasi gani?"

Ngumi ya pili ilikuwa tayari hewani. Ikabaki pale pale. Kutoka chumbani mzazi mwenyewe akajibu, akilia, "Hili lilikuwa bakuli la pili."

Kijana aliniachia kama mtu anayeachia kaa la moto. Akakimbilia tuktuk.

Tulikwenda hospitali ya Msambweni. Mzazi, mtoto na jirani yangu walikaa nyuma, mkono ulioungua umezungushiwa kanga iliyolowa maji. Mimi nilibanwa mbele na dereva aliyetoka kunivunja uso. Njia nzima mama mtu alinipiga ngumi za mgongoni kila tulipopita tuta, na kila baada ya ngumi akamuuliza mwanawe, kwa sauti nyingine kabisa, "Wajionaje, mama? Moyo je?" Kabla ya kufika, mzazi akaomba tusimame. Alitapika kando ya barabara, akishikilia chuma cha tuktuk, goti hili likilegea, mara goti lile. Mama yake akamtazama, kisha akanitazama mimi. Ngumi zikakoma. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mwenye viatu vya mazoezi. "Ni mmea gani huo, mzee? Uko na picha?"

Nilikuwa nazo. Simu yangu ilikuwa imejaa maua hayo kutoka kila pembe, wakati wa jua na wakati wa mawingu, mengine nikiwa nayo shavu kwa shavu. Alizipitisha kwa kidole, akainua nyusi, akaondoka na simu kwenda kusoma. Aliporudi hakuwa akitania tena. Akasikiliza moyo wa mzazi muda mrefu, akamwambia asimnyonyeshe mtoto kwa sasa, akaagiza aunganishwe na mashine.

"Mapigo yako chini kidogo," akatuambia.

"Ni sumu?" nikauliza.

"Inaweza kuwa. Inaweza pia kuwa ndivyo alivyo. Sikumpima jana. Tutamlaza tumwangalie." Akanigeukia. "Na wewe? Ulikula?"

"Nilitafuna ini kidogo, nikatema."

Akanisikiliza. "Yako inakimbia kama ya mwizi. Huna sumu. Hebu nikushone huo mdomo."

Tulikaa kwenye benchi, mimi na jirani, mtoto akilia mapajani mwake kwa njaa na ulimi wangu ukihesabu nyuzi. Mzazi alikuwa nyuma ya mlango. Hatukuwa na jambo jingine la kufanya ila kusubiri moyo wa mtu upande au ushuke. Jirani yangu alimtia mtoto kidole kinywani anyonye.

Kisha akasema, "Nisikize, mwalimu. Kama nyama ile ilikuwa nzima, umemwaga riziki ya Mungu na umemchoma mwanangu bure. Kama ilikuwa na sumu, umeniulia mbuzi na umetaka kuniulia mwana. Chagua."

Nimeishi miaka mingi kwa kuandika makala, na siri ya makala ni kutochagua. Unasema upande huu, unasema upande ule, unamalizia kwa swali. Nikaanza na upande huu, uzi ukanivuta mdomo.

"Chagua!"

"Ilikuwa na sumu," nikasema.

"Basi omba aishi. Asipoishi, Kinondo hutarudi."

Hakuitamka kama tisho. Aliitamka kama mtu anayekupa njia ya kwenda stendi.

Mapigo yalipanda kesho yake asubuhi. Daktari akasema ni vizuri, akasema tena kwamba hajui, akampaka dawa kwenye mkono, akatuacha twende. Nyumbani tulikuta kunguru wamemaliza nyama yote iliyomwagika jikoni. Walikuwa wamejipanga juu ya paa, wazima, wakifuta midomo.

"Waone," jirani yangu akasema. "Wamekula wameruka."

"Kunguru wa hapa hula hata betri, mama."

Aliingia ndani, akatoka na panga.

Alipita pale pale mbuzi wake alipopita. Nilidhani amenijia mimi, na nakiri kwamba nilirudi nyuma mpaka kwenye mlango wa choo. Lakini alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa maua. Pigo la kwanza liligawa shina nene katikati, na maziwa yakaruka kama mate.

"Mama, macho!"

"Nyamaza!"

"Sitetei mti! Ikikuingia machoni utapofuka! Subiri!"

Nikakimbilia ndani, nikatoka na glavu zangu na miwani ya jua ambayo mke wangu aliniletea nionekane kijana. Alinitazama kwa dharau, akavivaa. Basi jirani yangu, katika buibui na miwani ya kitalii na glavu za kijani, aliua bustani yangu mti kwa mti. Hakuwa na haraka. Kila shina alilipiga mpaka likawa vipande, kisha akaling'oa na mizizi, kisha akalipiga tena. Mimi nilichimba shimo kwenye mwamba kwa mtaimbo, refu la kuzidi kwato na pua ya mbuzi yeyote, na vipande tukavizika humo, hata maua, hata udongo uliolowa utomvu. Alipomaliza alinirudishia miwani ikiwa na madoa meupe.

"Panda mlonge," akasema. "Huo nao hauombi maji."

Mzazi alimaliza arobaini yake. Nilimwona siku aliyotoka, amepakwa hina mkono mmoja tu, mtoto amembeba kifuani, akija njiani kuelekea kwangu. Mkono wa kushoto ulikuwa umepona vibaya. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi, imejikunja kutoka kiwiko mpaka vidoleni, na kidole kidogo hakikunyooka. Alisimama nje ya baraza. Mimi sikujua niinuke au nibaki nimekaa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikai. Nina swali. Mama asema jambo hili leo, kesho asema lile. Ndugu yangu asema kunguru. Daktari asema hajui. Nataka wewe. Ningekufa?"

Nilianza kumweleza. Nilisema kwamba inategemea mbuzi alikula matawi mangapi, na ni muda gani ulipita kabla ya kuchinjwa, na kwamba sumu ya aina ile ikiingia tumboni si sawa na ikiingia kwenye damu, na kwamba kwa upande mwingine...

"Mwalimu." Aliinua mkono ule, akauweka mbele ya macho yangu, karibu kiasi kwamba nilinusa mafuta ya nazi aliyoupaka. "Huu nitakwenda nao kwa mume wangu. Mtoto huyu ataushika kila siku akinyonya. Wataniuliza ulikuwaje. Ningekufa, au nimeungua bure?"

Mtoto alikuwa macho. Alikuwa akinitazama bila kinyongo chochote, kama watazamavyo wale ambao bado hawajaambiwa.

"Ungekufa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akaushusha mkono, akarekebisha kanga juu ya kichwa cha mtoto, akaenda zake.